Upande wa Jovitha

Mimi ni mkorofi, nisikufiche. Wauza kanga wote wa mtaa wetu pale Kariakoo wanajua: ukinikanyaga bahati mbaya nitakusamehe, ukinikanyaga makusudi utahama mtaa. Kwa hiyo nikikwambia kwamba kwa wiki tatu nilikaa kimya nikimtazama Jovitha ananiloga, ujue kimya kile kilinitoa jasho.

Jovitha tumeshirikiana fremu moja miaka kumi na minne. Mlango mmoja, meza moja, feni moja mbovu. Ukikaa nilivyozoea kukaa, uso barabarani, kulia kwako ni kanga zangu, kushoto ni vitenge vyake. Mimi Myao wa Masasi, yeye Mchaga wa Rombo. Mimi swala tano, yeye jumuiya ya kanisani kila Jumamosi asubuhi. Tulitaniana mpaka wateja wageni wakadhani tunagombana. Yeye aliniita Mmachinga. Mimi nilimwambia Mchaga hata akiwa maiti, ukidondosha sarafu anafumbua jicho.

Sheria yetu ilikuwa moja tu, na hiyo ndiyo iliyotuweka pamoja: mteja ni wa aliyemkaribisha kwanza. Ukimuwahi kwa "karibu dada," ni wako, mwenzio anasubiri umalize. Na hapo mimi nilikuwa sishindwi. Nilikuwa na jicho! Mama anayetafuta kanga za msiba na mama anayetafuta za sherehe niliwatofautisha wakiwa bado wanavuka barabara. Jovitha alikuwa anakula kilichobaki, na hakuwahi kununa.

Mwezi wa tatu nikiwa nimenyoosha mikono kushusha doti za rafu ya juu, kichwa kilipasuka. Sina neno lingine. Wenye vipandauso nyamazeni, hamjui kitu. Nilianguka juu ya kanga zangu mwenyewe, na nilipozinduka nilikuwa hospitali, na daktari kijana, Dokta Leticia, ananieleza kwamba mshipa wa damu ndani ya ubongo ulikuwa umevimba kama puto dogo, ukavuja. Walipitisha waya pajani, ukapanda mpaka kichwani, wakaliziba lile puto kwa vinyuzi vya madini. Fuvu hawakulipasua. Majirani zangu wa Magomeni hawajaamini mpaka leo, kila nikivua mtandio wanatafuta mshono.

Siku ya nne baada ya matibabu, ukuta wa wodi upande wa kushoto ukaota maua. Zilikuwa korosho nyekundu, zile za pindo la kanga, zinapanda moja moja kwenye rangi nyeupe. Nikageuka nizitazame vizuri. Hazipo. Nikarudisha uso, zikarudi.

Sikumwambia mtu. Kwetu ukisema unaona vitu, nani atakupeleka kwa daktari wa macho? Dada zangu wangeshuka kutoka Masasi na mganga wao na kuku wake, na biashara ingeishia hapo, maana nani ananunua kanga kwa mwanamke mwenye mashetani? Dokta Leticia aliniuliza zaidi ya mara moja: "Mama, unaona vizuri? Chochote kisicho cha kawaida tuambie." Nikamwambia naona kuliko zamani. Jovitha naye aliniuliza, nikamfokea mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka. Kichwa kilichotoka kupona hakitaki maswali, nilimwambia.

Jovitha alikuja kila siku saa kumi, muda wa kuona wagonjwa. Mwanangu Maimuna akija nilimwona tangu mlangoni. Jovitha alikuwa anatokea tu. Nasikia sauti yake sikioni kwanza, halafu ndiyo namwona, kakaa kushoto kwangu kana kwamba kaota pale. Na siku niliyoruhusiwa, alibaki na nesi kwenye korido muda mrefu, wananong'ona. Nilipomuuliza wanaongea nini alisema, "Habari za dawa tu," na macho akayapeleka kwenye viatu vyake. Miaka kumi na minne sijawahi kumwona Jovitha anatazama viatu.

Hapo ndipo mdudu aliponiingia.

Niliporudi dukani, kiti changu kilikuwa kimehamishwa. Kiti changu! Kilikuwa katikati ya mlango tangu siku tulipofungua, sasa kimesukumwa mpaka upande wake, kimegandamizwa na ukuta wa kushoto.

"Nani kahamisha kiti?"

"Mimi," Jovitha akasema. "Pale katikati jua linakupiga."

"Jua gani? Mbele yetu kuna ghorofa sita! Jua la Kariakoo hii umeliona wapi likaingia humu?"

Akaguna tu. Nikakirudisha kiti mahali pake. Basi naye akachukua kigoda chake, akakibandika kushoto kwangu, ubavuni kabisa, mwanamke ambaye siku zote alikaa ndani kwenye rafu zake. Nikisimama naye anasimama. Nikienda chooni kwenye jengo la pili, huyo, kanishika kiwiko cha kushoto. Nikamwambia mimi si bibi harusi. Akanishika vilevile. Kila wiki aliniambia twende kliniki kabla ya tarehe yangu, nami nikakataa.

Sasa sikiliza yaliyofuata, useme kama wewe usingeshuku.

Wateja wetu wengi wanatokea kushoto, upande wa Gerezani, wakishashuka kwenye mabasi ya mwendokasi. Mimi, mwenye jicho, sikumuwahi hata mmoja. Nasikia Jovitha, "Karibu mama, karibu ndani," natazama ni nani anakaribishwa, simwoni mtu, mara mwanamke mzima anachomoza mbele ya pua yangu kana kwamba katoka hewani. Tena Jovitha ananigawia! "Kanga ziko kwa dada hapa, mama." Nani kasema nataka kugawiwa? Mimi niliyekuwa namlisha wateja, leo nalishwa kama kifaranga!

Mwingine anaingia nimemwona kwa macho yangu, namfungulia doti, nampa na maneno matamu, anapiga hatua moja kushoto, hayupo. Nabaki naisifia kanga hewani. Baada ya dakika tano namsikia anacheka upande wa Jovitha, anatoka na mfuko.

Vitu navyo vikaanza. Naweka simu mezani, imepotea. Mkasi, umepotea. Kikombe cha chai nimekishika sasa hivi, kimekwenda. Na kila kitu kikipotea, ni nani anayekipata? "Hii hapa, Anifa." Kila mara yeye, na kila mara kwa sauti ya upole, upole ambao Jovitha hakuzaliwa nao. Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo nimeuuza kwenye kanga maelfu kwa maelfu, na sikuwahi kufikiri unaniambia mimi.

Chakula je? Tunakula mchana kwenye sahani moja, ndiyo desturi yetu, wali na maharage kutoka kwa mama lishe wa nyuma. Nakula upande wangu, nikiona nimemaliza nanyoosha mkono kunawa. Jovitha anaishika sahani anaizungusha, taratibu, na kumbe wali upo, na kipande cha samaki kipo! Hakikuwepo sasa hivi. Mtu anakuzungushia sahani bila kusema neno, wewe ungeelewaje? Kwetu dawa inazungushwa hivyohivyo.

Na zile korosho zilikuwa bado zipo. Zilinifuata mpaka dukani, zinapanda kwenye vitenge vya Jovitha, upande wake tu, kamwe si upande wangu. Siku nyingine ilikuwa ni mwanamke kabisa, kavaa nguo nyeupe, kasimama nyuma ya kigoda cha Jovitha kimya. Nikimgeukia, anayeyuka. Nilisoma Ayatul Kursiy mpaka ulimi ukakauka.

Kila mfanyabiashara wa Kariakoo anaijua chuma ulete, na anayesema haamini ndiye wa kwanza kuficha chumvi kwenye droo. Mtu anakuwekea uchawi, riziki yako inachumwa mbele ya macho yako inakwenda kwake, na wewe unabaki unajiuliza mkono gani umepita. Sasa niambie, mimi nilikuwa nikiona nini kama si hiyo?

Kinga ya chuma ulete ni ndimu. Asubuhi moja nilinunua ndimu moja nzuri ya kijani, nikaisomea, nikaiweka mezani. Nikageuka kumpimia mteja. Niliporudi, ndimu hapana. Nikapapasa droo, nikainama chini ya meza, nikahisi moyo unanidunda hadi kwenye ule mshipa wangu wenye vinyuzi. Kisha nikasikia, kushoto, mtu anakunywa supu.

Nikageuza kiti kizima. Jovitha ana bakuli la supu ya utumbo mapajani, na ndimu yangu, iliyokatwa vipande viwili, anaikamulia humo.

"Hiyo ndimu umeitoa wapi?"

"Hapa mezani. Si umeileta ya supu?"

"Jovitha! Umekula ndimu yangu?"

"Anifa, ndimu tu jamani. Nitakununulia kilo."

"Kilo!" Nilisimama. Sikujua nina sauti kubwa kiasi kile, tangu hospitali sikuwa nimeijaribu. "Ameshindwa kuniua kwa sahani sasa anakula na kinga yangu! Jovitha, wewe ni chuma ulete! Watu wote njooni mumwone, chuma ulete huyu hapa!"

Hilo neno Kariakoo halitamkwi kwa sauti. Ukitamka mtaa unasimama. Goodluck, muuza masufuria wa mbele yetu, mwanaume mzima mwenye kitambi chake, alizima spika yake ya kunadia na kuja na sufuria mkononi. Wauza shuka wakaja, mama lishe akaja, mlango ukajaa.

Jovitha aliweka bakuli chini. "Punguza sauti. Kichwa chako, Anifa."

"Usinitajie kichwa changu! Kiti nani alikihamisha?"

"Mimi."

"Na sahani nani anaizungusha?"

"Mimi."

"Na vitu vyangu vikipotea, kwa nini kila siku wewe ndiye unajua vilipo? Na kwa nini unaninata kushoto kama kupe? Jibu, watu wakusikie!"

Alinitazama, halafu akawatazama wale watu mlangoni, mmoja mmoja. Nilimwona anafungua mdomo. Nilimwona anaufunga. Mpaka nife sitaisahau namna alivyoufunga ule mdomo.

"Yote nimefanya mimi," akasema. "Twende kliniki, Anifa. Leo hii. Nitakueleza hukohuko."

"Thubutu! Kliniki ukanimalizie?"

Watu wakaguna. Mtu kakiri kwa mdomo wake, unataka nini tena? Jovitha akaanza kushusha vitenge. Alishusha vyote, akafunga mafurushi matatu, akamwita kuli. Kabla hajatoka alikikunja kigoda chake na kukiegemeza ukutani, akasema, "Kunywa dawa ya saa nane." Nikasonya. Aliondoka nacho kile kigoda? Hapana, alikiacha.

Walivyomfanya sitakudanganya kwamba sikusikia. Hakuna aliyemkodisha hata nusu ya meza mtaani kwetu. Akaenda Gerezani, akatandika vitenge vyake kati ya wauza vipuri vya magari, mahali ambapo mwanamke anapita akiwa amepotea njia. Hata huko neno lilimfuata. Akitoa noti, watu hawampi chenji, wanaogopa mkono wake utavuta. Maimuna alikuja akilia: "Mama, huyu ndiye aliyekulipia gari la wagonjwa." Nikamwambia mchawi lazima akulipie kitu, ndiyo anapata mlango.

Nikabaki peke yangu na fremu nzima. Nilitegemea sasa vitu vitulie.

Havikutulia. Simu ilipotea vilevile, ila sasa hakuna wa kusema "hii hapa". Niliikuta jioni, mezani, pembeni ya mkono wangu wa kushoto. Mlango wa duka ulinigonga bega la kushoto mara tatu siku moja. Nilikula wali nusu nikakaa na njaa, mama lishe akaniuliza kama chakula hakina chumvi. Mwanamke mmoja alinisonya: "Nakusalimia mara ya nne mama, una kiburi gani?" na kweli sikujua alikuwepo. Siku ya sita furushi la kanga mpya, ishirini zikiwa bado na karatasi zake, liliondoka upande wa kushoto mchana kweupe nikiwa nimekaa kwenye kiti. Wezi walicheka, niliwasikia. Na korosho zilikuwa zinapanda ukutani, palepale palipokuwa na vitenge.

Nilijiambia Jovitha kaliacha lile dude lake humu ndani. Nikanunua ndimu tano. Lakini nilianza kuogopa, maana moyoni kulikuwa na swali dogo linanikwaruza: kama mchawi kaondoka, nani anachuma?

Siku ya kumi ilikuwa tarehe yangu ya kliniki. Nilienda na bajaji, peke yangu. Dokta Leticia akanisimamisha mbele yake.

"Shikamoo mama. Nitazame puani, usiondoe macho. Mkono wangu wa kulia unauona?" Mkono wake wa kulia ulikuwa kushoto kwangu.

"Umeuficha mgongoni."

"Sijauficha. Nimeuinua, nakupungia."

Nikageuka. Ulikuwa hewani, vidole vitano, vinapunga.

Wakanipeleka kwenye mashine kama bakuli kubwa jeupe. Unaweka kidevu, unatazama nukta ya katikati, kila ukiona kimwanga unabonyeza kitufe. Nikabonyeza, nikabonyeza. Nikamwambia fundi mashine yenu mbovu, taa za upande mmoja zimeungua. Fundi akachapa majibu. Karatasi ilipotoka ilikuwa na duara mbili, jicho la kulia na la kushoto, na kila duara nusu yake ya kushoto ilikuwa nyeusi tii, imekatwa katikati kwa mstari.

"Macho yako mazima," Dokta Leticia akasema. "Shida iko nyuma ya kichwa, pale ubongo unapotengeneza picha. Baada ya ule mshipa kuvuja, mishipa mingine huwa inakakamaa, sehemu ndogo ya ubongo ikakosa damu. Kila kilichopo kushoto kwako hukioni, kwa macho yote mawili."

"Ningejua! Ningeona giza!"

"Nyuma ya kisogo chako unaona giza, mama?"

Nikajaribu. Hebu jaribu na wewe. Nyuma ya kisogo huoni giza. Huoni kitu, wala hujui kwamba huoni.

Nikamwambia habari ya korosho, na yule mwanamke mweupe, kwa sauti ya chini, nimeinamisha kichwa. Hakucheka. Alisema ubongo ukikosa picha upande mmoja unajichorea wenyewe, na wa muuza kanga utachora nini kama si kanga? Inawapata wengi, na wengi wanaficha kama mimi. Mficha maradhi, kifo humuumbua; mimi kifo kilinipita, kikamuumbua mwingine.

Maana daktari alifungua faili, akaniuliza: "Yule ndugu yako hakuja leo? Siku unaruhusiwa, mimi nikiwa nimeshatoka zamu, alimwambia nesi anaona unakula nusu ya sahani. Nesi akamwambia akuwahishe kwetu tukupime, asikushtue kwa maneno, na mpaka hapo akukalishe ukuta ukiwa kushoto ili duka lote liwe kulia kwako. Akuzungushie sahani. Akitembea nawe akae upande wa kushoto, usigongwe. Kila wiki anapiga simu, anasema umekataa kuja."

Yarabi toba. Nilikaa kwenye kile kiti, nikamwona Jovitha mlangoni pale, anafungua mdomo na kuufunga. Angeweza kusema neno moja tu: huyu haoni. Mbele ya Goodluck, mbele ya wauza shuka, mbele ya vibaka waliokuwa wamejichanganya mle. Kariakoo nzima ingejua kabla ya adhuhuri kwamba Anifa ana upande wa kuibiwa. Akachagua aitwe mchawi yeye.

Sikurudi dukani. Nilikwenda Gerezani moja kwa moja. Nilimkuta kati ya rejeta na matairi, vitenge vimeingia vumbi jeusi, amekonda. Nilipiga magoti palepale kwenye oili.

"Inuka," akasema. "Utachafua baibui."

"Nisamehe, Jovitha. Nimetoka kliniki. Nimejua yote."

"Nimekusamehe. Nenda nyumbani."

"Rudi dukani."

Hapo ndipo alipokasirika, na namshukuru Mungu alikasirika, maana ule upole ulikuwa unaniua. "Nirudi kama nani? Umenitangaza barabarani, unaniomba radhi uchochoroni? Kanisani jirani yangu anahama benchi, Anifa! Watoto wangu wanaitwa watoto wa chuma ulete!"

"Nitawaambia watu nilikosea."

"Utawaambia ulikosea nini? Nimekiri mwenyewe, wamenisikia. Huwezi kunisafisha mpaka uwaambie habari ya macho. Na ukiwaambia, watakumaliza. Mzigo ule mwingine umeshaibiwa, unadhani sijasikia?" Akanigeuzia mgongo, akaanza kukunja kitenge ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. "Niache tu. Nimeshazoea."

Ni uongo. Hakuna anayezoea.

Niliondoka. Nilivuka barabara ya mwendokasi, nikapita kwenye mikokoteni ya magunia, watu wananipigia kelele "Pisha mama! Pisha!" nami najifunza kugeuza shingo nikiwa nimeshachelewa. Njia nzima nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Nafsi ilisema, Anifa, una miaka arobaini na minane, mtaji wako ni zile kanga, na ulinzi wako ni watu kudhani unaona. Kweli yote hiyo. Lakini mimi ni mkorofi, na mkorofi hata nafsi yake haimshindi kwa maneno.

Ilikuwa saa saba, mtaa umejaa kama siku zote. Spika ya Goodluck ilikuwa inapiga ile kanda yake, "masufuria seti, masufuria seti, leo ni leo." Nikaizima ile kanda. Akashtuka.

"Dada Anifa, vipi tena?"

"Nipe kipaza sauti. Na stuli."

Nikapanda. Shika miguu, nilimwambia, nikianguka nakuangukia wewe. Nikapuliza kipaza sauti, kikalia, watu wakageuka.

"Mnanijua," nikasema. "Mimi Anifa wa kanga. Siku kumi zilizopita hapahapa nilimwita Jovitha chuma ulete. Nilisema uongo! Sikilizeni vizuri, sitarudia. Mimi upande wa kushoto sioni. Kichwa kiliniuma, nikatibiwa, nikapona, lakini upande wa kushoto haukurudi. Sioni mtu, sioni simu, sioni sahani. Mliponiona naibiwa, ni kwa sababu hiyo. Wezi mpo, najua mpo, sasa mmejua, kuleni! Lakini Jovitha alijua tangu hospitali. Alikihamisha kiti ili nione. Aliizungusha sahani ili nishibe. Alinishika kushoto ili nisigongwe. Mkamsikia anasema 'yote nimefanya mimi.' Ndiyo! Yote kafanya yeye, na mimi nikamlipa kwa uchawi. Kama kuna mchawi kwenye fremu ile, ni huu ulimi wangu."

Nikakatisha maneno kutafuta uso wake. Nilimtazama kila mtu aliyekuwa mbele yangu. Mama lishe, namwona. Wauza shuka, nawaona. Jovitha hayupo, na angekuwepo vipi, nimemwacha Gerezani na mgongo wake. Watu walikuwa wachache kuliko nilivyodhani. Nikahisi nimechelewa, nimejivua nguo bure. Nikasema, sauti imeanza kunitoka vibaya, "Kama kuna atakayemwona Jovitha, naomba amwambie nimesema."

"Geuka, Mmachinga."

Ilikuwa karibu kabisa, kushoto.

"Geuka, watu wako huku. Tangu umepanda unayahutubia masufuria ya Goodluck."

Mtaa ukacheka. Mimi nikageuza shingo, taratibu, kama alivyonifundisha daktari, mpaka kidevu kikafika begani. Nusu ya Kariakoo ilikuwa pale, imejaa mpaka barabarani, na mbele yao wote Jovitha, furushi kichwani, anahema, jasho linamtiririka.

"Umefika lini?" nikamuuliza.

"Nimekufuata tangu Gerezani. Mkokoteni umekukosa mara mbili, ulikuwa hutazami."

Akashusha furushi. Akaingia ndani bila kumtazama mtu, akatoka na kile kigoda, akakikunjua na kukiweka kushoto mwa kiti changu. Kulikuwa na mama amesimama karibu na mlango, mwenye kapu. Jovitha akamwambia, "Karibu mama, kanga ziko kwa dada huyu hapa." Nilikuwa bado nimeshika kile kipaza sauti, kwa hiyo mtaa mzima ulinisikia ninavyolia.